Kopo la Mashine

Dickson alilitikisa kopo langu mbele ya ukoo mzima, likalia, naye akacheka.

Ilikuwa siku ya arobaini ya mume wangu Cecil, hapa Makote. Watu walikuwa wamekula na kunawa, na wazee wa upande wake walikuwa wamekaa mkekani kugawa mali. Ukoo wa Cecil ni watu wa desturi ya zamani. Mwanamume akifa, mali yake haibaki kwa mke wala kwa watoto wake, inarudi kwa dada yake na watoto wa dada. Mpwa ndiye anayesimama pale alipokuwa mjomba. Na mpwa mkubwa wa Cecil alikuwa huyo Dickson, niliyemlea mwenyewe tangu ana miaka saba, aliyekula kwenye chungu changu mpaka akaota ndevu.

Mzee Eliakimu, mkubwa wa ukoo, akataja kimoja kimoja. Baiskeli, kwa Dickson. Mikorosho kumi na minane, kwa Dickson. Mashine ya kusaga, na injini yake, na kibanda chake cha bati, kwa Dickson. Nilipoisikia mashine nilikaza kanga kiunoni. Mashine ile tuliinunua mimi na Cecil kwa korosho za misimu mitano, na mimi ndiye niliyekuwa naokota.

"Na vya jikoni?" akauliza Mzee Eliakimu, kama inavyotakiwa.

"Vya jikoni ni vya mama," Dickson akajibu. "Masufuria, mitungi, makopo, hata majivu achukue. Sisi wanaume hatuingii jikoni."

Watu wakacheka. Nikainuka, nikaenda jikoni, nikarudi na kopo la maziwa ya unga, lile kubwa, kutu imeanza kulila ukingoni. Nikaliweka katikati ya mkeka. Sikutaka mtu aje aseme kesho kwamba mjane kaiba.

"Hili hukaa jikoni kwangu," nikasema, "lakini ndani mna hela ya mashine."

Hapo ndipo alipolitikisa. Sarafu zikalia.

"Mama Helena, hela ya mashine iko kwenye mashine," akasema. "Hizi kanunulie chumvi."

"Mzee Eliakimu, umesikia?"

"Nimesikia. Kopo ni chombo cha jikoni. Ni lako."

"Basi naomba liandikwe."

Katekista aliyekuwa anaandika mgao akatabasamu, akaandika: kopo moja pamoja na kilichomo, kwa mjane. Karatasi ile ninayo mpaka leo. Chini ya sarafu, ndani ya kipande cha kanga, palikuwa na noti za shilingi laki saba na themanini elfu.

Hela ile haikutoka kwa mganga. Siku tulipoileta mashine, fundi Nurdini wa Masasi aliifunga, akafuta mikono, akatuambia: "Mashine ina matumbo mawili. Tumbo la dizeli mtaliona, maana likiwa tupu mashine inanyamaza na nyinyi mnakimbia. Tumbo la pili ni la chuma. Inajila yenyewe kidogo kidogo, nyundo, beringi, mkanda, na haisemi. Siku ikisema, mmechelewa." Cecil alicheka. Mimi sikucheka. Tangu siku ile, kila debe moja likisagwa kwa shilingi elfu, mia moja ilikwenda kwenye kopo kabla hatujanunua hata sabuni. Nyundo zikiisha, tunatoa koponi. Mkanda ukikatika, tunatoa koponi. Miaka kumi na moja mashine ile haikulala siku tatu.

Binti yangu Helena alipiga simu kutoka Masasi usiku ule ule wa arobaini. "Mama, sheria inamlinda mjane siku hizi. Twende mahakamani, mashine tutaipata."

Alikuwa na haki, na mwanamke yeyote anayesoma hapa yakimkuta haya aende mahakamani, asinifuate mimi. Mimi nilikuwa nataka kitu kingine. Mahakama ingenipa mashine. Isingenipa Dickson. Nilitaka ailete uani kwangu kwa mikono yake mwenyewe, akitokwa jasho, na waliocheka siku ile wawepo.

Nikamwambia Helena, "Ngoja."

"Ningoje nini, mama?"

"Ingoje mashine imalize kula chuma chake."

Nikajenga kibanda cha nyasi mbele ya mashine, ng'ambo ya njia, nikawa nauza chai na mihogo ya kukaanga kwa wanaosubiri kusagiwa. Kila debe lililoingia kwa Dickson, nilidondosha punje moja ya mbaazi kwenye bakuli. Jioni nazihesabu. Dickson aliniona.

"Mama Helena, unapanda mbaazi kwenye bakuli?"

"Napanda, mwanangu."

"Zitaota lini?"

"Mbaazi haina haraka."

Wateja wakacheka na yeye akacheka. Akaenda kununua pikipiki ya mkopo.

Mjukuu wangu Queen, mtoto wa Helena, alikuwa anakaa kwangu akisoma kidato cha pili. Jioni moja akaja na daftari lake la somo la hesabu za biashara.

"Bibi, leo tumefundishwa uchakavu."

"Uchakavu wa nini?"

"Wa mali ya kufanyia kazi. Ukinunua kitu cha biashara, kila mwaka thamani yake inapungua. Lazima ukikate hicho kipande kwenye mapato kabla hujasema umepata faida. Usipokata unajidanganya."

Niliacha kumenya muhogo. "Na kipande hicho mwalimu wako anakiweka wapi?"

"Anakiandika."

"Anakiandika tu? Hana kopo?"

Queen akacheka mpaka akashika ukuta. "Bibi, kuandika siyo kuweka. Kuandika ni ili ujue. Ukiandika bila kuweka, siku mashine ikifa utajua kwa nini imekufa, lakini hela ya nyingine huna."

Nikamwambia achore mistari kwenye daftari lake la zamani, tumwandikie Dickson hesabu ambazo yeye mwenyewe hakuwa nazo. Mbaazi za siku ile zilikuwa arobaini na mbili.

"Mauzo, elfu arobaini na mbili," Queen akasema huku akiandika. "Dizeli?"

"Lita tano. Elfu kumi na tano."

"Oili na grisi?"

"Elfu moja, angekuwa anatia."

"Ujira wa msagaji?"

"Anasaga mwenyewe."

"Hata kama, Bibi. Mwenye biashara akifanya kazi naye ana ujira. Tuseme elfu sita. Na uchakavu?"

"Mia kwa debe. Elfu nne na mia mbili."

Akajumlisha, akatoa. "Faida yake ni elfu kumi na tano na mia nane. Akichanganya na ujira wake, haki yake ya kula ni elfu ishirini na moja na mia nane kwa siku."

"Na yeye anakula ngapi?"

Tulijua, maana Dickson hakuwa mtu wa siri. Alitoa hela ya dizeli, akatia mfukoni elfu ishirini na saba yote iliyobaki, akaiita faida. Pikipiki ilikula humo. Spika kubwa ya muziki ilikula humo. Uraka, ile pombe ya mabibo aliyowanunulia wenzake kila msimu wa korosho, ulinywewa humo. Queen akatoa tena, akanyanyua macho.

"Kila siku anakula elfu tano na mia mbili ambayo si yake."

"Ya nani?"

"Ya mashine."

Nikamwambia, "Andika."

Tukaandika miaka miwili. Sijui kama nimewahi kusoma kitabu kwa utamu kama ule. Wengine husoma riwaya. Mimi jioni nilisoma namna Dickson alivyokuwa anatafuna injini yake, na kila ukurasa ulipoisha nililala vizuri.

Tena aliongeza la kwake. Watu wengi huku tunasaga makopa, muhogo uliokaushwa. Unaanikwa chini, unashika mchanga. Cecil alikuwa haruhusu makopa kuingia mashineni kabla hayajapetwa kwenye ungo na kufutwa. Wanawake walimnung'unikia, lakini walipeta. Dickson akafuta sheria ile ili foleni iende haraka. "Mwageni tu," akawa anasema. "Mashine siyo meno ya bibi." Nilisikia mchanga ukilia ndani ya kinu kutoka ng'ambo ya njia. Neno moja tu kutoka kwangu lingetosha. Nilikaanga mihogo.

Mwaka wa pili ukielekea mwisho, mashine ikaanza kupiga mluzi. Mluzi ule niliujua. Asubuhi moja kabla ya wateja, Dickson akaja kibandani kwangu, akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmeamkaje?"

"Tumeamka. Mama, beringi imeanza kulegea. Nurdini kwenye simu anasema elfu sitini, na ufundi wake atanidai baadaye. Mwenzio mwezi huu pikipiki imenibana."

"Pole."

"Nilikuwa nasema... lile kopo. Kama kumebaki chochote. Si ulisema mwenyewe ni hela ya mashine?"

"Nilisema. Na wewe ukasemaje?"

Akatazama chini.

"Dickson, ukasemaje?"

"Nilisema iko kwenye mashine."

"Basi kaitafute humo. Kopo ni chombo cha jikoni, na wanaume hamuingii jikoni."

"Mama, mimi ni mtoto wako."

"Kunywa chai uende. Chai ni mia tatu."

Alilipa, akaondoka bila kuimaliza. Queen alikuwa nyuma ya pazia anavaa sare ya shule, akatoka amenuna.

"Bibi, elfu sitini ingeiokoa mashine."

"Najua."

"Ikifa, watakaotaabika ni kina mama, siyo Dickson peke yake."

"Najua, Queen. Nenda shule utachelewa."

Sitajificha hapa. Hela nilikuwa nayo, na nilijua beringi isipobadilishwa itaua nini baada yake. Nilichagua.

Mashine iliendelea kusaga wiki saba. Jumamosi moja foleni ikiwa ndefu, mluzi ukageuka kilio, mkanda ukaruka ukapiga bati, na ndani ya injini kitu kikavunjika kwa kishindo ambacho watoto walikikimbia. Kranki, mhimili unaozungusha injini, ilikuwa imekatika. Dickson alitoka kibandani mweupe kwa unga, mikono imening'inia. Katika bakuli langu siku ile palikuwa na mbaazi kumi na tisa. Nikazimwaga kwenye chungu, nikazipika.

Ikawa kama alivyosema Queen. Mwenye hela alipeleka debe lake Newala mjini kwa bodaboda, nauli ikazidi bei ya kusaga. Asiye nayo akarudi kwenye kinu na mchi. Biashara yangu nayo ikafa, kwa maana hapakuwa na foleni ya kunywa chai. Mama Shakila, jirani yangu, akaja uani na mchi begani.

"Nasikia ulikuwa na hela ya beringi."

"Nilikuwa nayo."

"Ukamnyima."

"Nikamnyima."

Akaushusha mchi begani. "Siku ya arobaini nilikuwepo, sikukusemea, hilo ni langu. Lakini mwaka huu mikono inayotoka malengelenge ni yangu. Basi njoo utwange na sisi." Akanitupia ule mchi.

Nilitwanga. Miezi mitano nilitwanga, makopa yangu na ya Mama Shakila, mgongo ukakataa kunyooka. Nilikuwa sidai huruma, nilikuwa nalipa. Na kila mchi uliposhuka nilimwona Dickson akilitikisa lile kopo, nikaunyanyua tena.

Siku wenye pikipiki walipokuja kuichukua pikipiki yao, nilijua tumefika. Haikupita wiki, wakaja wanunuzi wa vyuma chakavu kutoka Masasi na gari lao. Waliizunguka injini, wakaigonga kwa ufunguo, wakasema laki nne. Dickson hakuwa na la kufanya, muuza dizeli alikuwa anamdai karibu yote. Watu walikuwa wamejaa, kwa sababu mashine ikiondoka kijijini ni kama msiba. Mzee Eliakimu naye alikuwepo, na fimbo yake.

Nikavuka njia na kopo langu kwapani.

"Mimi natoa laki nne na nusu," nikasema. "Injini, kinu na mkanda. Kibanda baki nacho. Lakini uvilete uani kwangu."

Mnunuzi mmoja akacheka. "Bibi, utachemshia maharage?"

"Umeongeza?" nikamuuliza. Hakuongeza. Waliwasha gari lao.

Dickson alikuwa anakitazama kile kifuniko cha kutu. Niliona akifikiri, taratibu, kama mtu anayepapasa ukuta gizani.

"Hizo ni hela za mjomba," akasema.

"Ni hela za mashine. Nilikuambia ukiwa umekaa mkekani. Mzee Eliakimu, si ulisikia?"

"Nilisikia," mzee akasema, safari hii bila kucheka. "Na iliandikwa."

Nikahesabu noti mkononi kwa Dickson, moja moja, kwa sauti. Karatasi ya mauziano ikaandikwa, akatia sahihi. Kisha wakaifunga injini kwenye miti miwili, wanaume wanane, Dickson mbele. Kutoka kibandani hadi uani kwangu ni hatua mia mbili na kumi. Nilitembea nyuma yao, nikazihesabu. Walipumzika mara sita. Alipoitua, shati lake lilikuwa limegandana mgongoni, na wale waliocheka siku ya arobaini walikuwa wamesimama wawili wawili, hakuna aliyenitazama usoni.

"Ahsante, baba," nikamwambia. "Iweke karibu na jiko."

Kwenye kopo, mbali na zile laki saba na themanini, palikuwa na laki sita nilizotenga kwenye chai na mihogo. Nilipotoa laki nne na nusu, ikabaki laki tisa na thelathini. Nurdini akaja kutoka Masasi na kranki, beringi, nyundo mpya na mkanda, akafanya kazi siku nne, akaondoka na laki nane na sabini. Ikabaki elfu sitini. Queen alipoandika tarakimu ile kalamu ilisimama, akanitazama. Tulinunulia dizeli.

Siku ya kwanza kuwasha, wanawake walikuja wamebeba madebe na nyungo, maana nilitangaza kwamba kopa lisilopetwa haliingii. Mama Shakila alikuwa wa kwanza. Alimwaga makopa yake, akapeta mchanga wote upande wangu, miguuni pangu. Nilistahili, nikauacha.

Dickson alikuja siku ya tatu. Hela ya injini ilikuwa imekwisha kwa muuza dizeli, hakuwa na kazi wala pikipiki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nasikia unatafuta msagaji."

"Ujira ni elfu sita kwa siku. Ndiyo haki ya msagaji, tuliipiga hesabu zamani."

Akakubali. Nikamwonyesha kopo, nimelitundika kwenye nguzo, mahali ambapo foleni yote inaliona.

"Kila debe likitoka, kabla hujapokea lingine, unatia mia moja humo. Mwenyewe. Isikike."

"Mbele ya watu, mama?"

"Mbele ya watu ndipo lilipotikiswa."

Sasa ni mwaka na zaidi. Akisahau, Mama Shakila humpigia kelele kutoka kwenye foleni, "Tia, Dickson! Lina njaa!" na wanawake wote huitikia, "Tia!" Anatia. Ninakaa kwenye kigoda changu nikisikiliza sarafu ikilia, na sijaichoka sauti ile hata siku moja. Anasaga vizuri, sina budi kusema. Makopa anayakagua kuliko hata Cecil.

Mwezi uliopita tulifunga hesabu za mwaka, mimi na Queen, daftari likiwa wazi juu ya meza. Dickson alikuwa anafagia unga. Akasogea, akainama, akawa anafuata mistari kwa kidole. Mauzo. Dizeli. Oili. Uchakavu. Jina lake hakuliona.

"Mama, mimi niko wapi humu?"

Nikamwonyesha.

"Hapo, chini ya dizeli. Gharama."

Akaliegemea fagio lake. "Nilidhani labda," akasema, "kwa vile ulinilea..."

"Mtoto haandikwi kwenye daftari, Dickson," nikamwambia. "Wewe nimekuandika."

Akarudi kufagia. Queen akafunga kalamu, akanitazama kama anataka kuuliza jambo, na mimi nikageuza ukurasa.